Siku Kipimo Kilipomkamata Mshauri

Mkojo wangu ulikutwa na dawa siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, mbele ya muuguzi na foleni ya vijana kumi na wawili.

Na mimi ndiye mshauri wao.

Subirini, msinihukumu kwanza. Au nihukumuni tu, nimeshazoea.

Kazi yangu ni kukaa na vijana waliozama kwenye pombe na unga. Kituo chetu ni cha kutwa. Wanakuja asubuhi, wanaongea, wanalia, wanatutukana, wanakula, jioni wanarudi makwao. Kuna chumba cha mazungumzo chenye viti vya plastiki, chumba cha muuguzi, vyoo viwili na geti.

Kila Jumatatu tunapima mkojo. Zamani walipimwa vijana peke yao, na walikuwa wanaona aibu kweli, kutembea na kikopo koridoni huku wafanyakazi wakiwaangalia kama wezi wa kuku.

Nikasema hapana. Kama ni kupima, tupime wote. Mshauri, mpishi, mlinzi, hadi Mkurugenzi. Nilibishana mwezi mzima mpaka ikapita.

Kwa hiyo mtego ulioninasa niliutega kwa mikono yangu mwenyewe. Hakuna wa kumlaumu.

Kipimo chenyewe ni kijiti. Unakichovya, unasubiri dakika tano. Ikitokea mistari miwili, uko safi. Ukitokea mmoja, umekwisha.

Siku hiyo kabla yangu alipima binti wa miaka kumi na saba. Tulimwita Redio, maana mtoto yule akiwashwa asubuhi, kuzima ni jioni. Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki.

Redio alikuwa na siku themanini na moja bila kugusa unga.

Themanini na moja! Nyie hamjui hiyo ni nini. Kuna watu wazima na ndevu zao hawajafikisha nne.

Akifikisha tisini nilikuwa namwandikia barua, na mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani alishakubali kumpokea kwa barua hiyo. Zilibaki siku tisa. Na mama yake alishamwambia wazi: hii ndiyo nafasi ya mwisho, ukifukuzwa na huko, kwangu usirudi.

Kijiti cha Redio kikatoa mstari mmoja.

"Anti, naapa! Nilikuwa na kikohozi. Nimekunywa dawa ya kikohozi tu!"

Nikacheka. Sitaficha, nilicheka. Miaka tisa kwenye kazi hii, hadithi ya dawa ya kikohozi nimesimuliwa na watu wasiojua hata kukohoa.

"Redio, mdogo wangu, usinichezee akili. Kaa pale."

Nikaandika kwenye daftari: amekutwa, amekana. Nikachukua kikopo changu, nikaingia chooni nimevimba kwa hasira.

Dakika tano baadaye Sista, muuguzi wetu, akaangalia kijiti changu. Akakigeuza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," akasema polepole, "jana ulikunywa nini?"

Nikakumbuka.

Jumapili kutwa nilikuwa nakohoa hadi mbavu zinauma. Dada yangu akanitolea chupa kabatini kwake, nikapiga vijiko viwili, nikalala kama mtoto mchanga. Kibandiko sikusoma.

Mimi! Mimi ninayesimama mbele ya vijana kila Alhamisi nikiwaambia zipo dawa za kikohozi zenye kitu cha ukoo mmoja na unga, someni kibandiko kabla hamjameza! Nyani haoni kundule, jamani.

"Dawa ya kikohozi," nikajibu.

Foleni nzima ikalipuka kwa kicheko. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Anti, kaa pale!"

Redio peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaanza kukwangua rangi ya kucha.

Nikaitwa ofisini.

Mkurugenzi wetu ni mama wa makamo, mtu wa kanuni. Mezani kwake hata kalamu zimepangwa kwa urefu. Si mtu mbaya, niliseme hilo mapema. Kituo kile kisingefika mwaka wa pili bila yeye.

"Wewe tunakujua," akaniambia. "Kesho lete hiyo chupa, Alhamisi tupime upya, yaishe. Jina lako lisiandikwe."

"Na Redio?"

"Redio anajua kanuni. Akikutwa, anatoka leo leo."

"Lakini tumesema maneno yale yale, Mama. Yeye dawa ya kikohozi, mimi dawa ya kikohozi."

"Wewe si yeye."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Na kilichoniuma zaidi, nusu saa iliyopita mkuki nilikuwa nimeushika mimi.

"Basi mikojo yetu yote miwili iende maabara kubwa," nikasema. "Tusubiri majibu. Kama naaminiwa mimi, aaminiwe na yeye. Kama anatoka yeye, natoka naye."

"Nikifanya hivyo wiki ijayo kituo kizima kitakuwa na kikohozi!"

Hapo hakukosea. Vijana wetu nawajua. Lakini nilishakasirika, na nikikasirika siyumbi.

"Yaani unataka kupoteza kazi kwa ajili ya mtoto wa watu?"

"Wote ni watoto wa watu, Mama. Hatuna wengine hapa."

Nikatoka. Nikafungua daftari, nikaandika jina langu kwa kalamu nyekundu chini ya la Redio: amekutwa. Nikamkabidhi Sista funguo zangu.

Kanuni ilisema aliyekutwa anakaa kwenye benchi nje ya geti mpaka ndugu waje kumchukua. Nikaenda nikakaa. Liwalo na liwe.

Mlinzi akaniangalia, akakuna kichwa.

"Sasa mwalimu, wewe unamsubiri nani aje kukuchukua?"

"Dada yangu. Mwenye chupa."

Redio alikuwa ameshakaa ncha ya pili ya benchi na mfuko wake mapajani. Vijana walikuwa wamejazana dirishani wanatuchungulia. Mnadhani walikuwa wanalia? Walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mshauri kafukuzwa!

Nikamsogelea Redio.

"Usiogope. Maabara itatusafisha wote wawili. Na unisamehe, mdogo wangu. Ulisema kweli nikakucheka. Nimeona aibu."

Machozi yalikuwa yananilenga. Nikaendelea kumpa moyo, nikamwambia barua yake nitaiandika hata kama ni juu ya goti.

"Anti, nyamaza kidogo."

Nikanyamaza.

"Mimi sikunywa dawa ya kikohozi."

"Unasemaje?"

"Nilivuta. Jumamosi. Mara moja tu."

Nilihisi benchi linazama. Nimeweka kazi yangu juu ya meza kwa ajili ya neno la huyu mtoto, na neno lenyewe ni uongo! Nilitamani kumzaba kibao. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka kidogo, nikaukalia.

"Kwa nini, Redio?"

"Nilijaribu sare yangu ya shule. Inanibana mabegani. Nikajiangalia kwenye kioo, nikaona darasa zima linaninong'ona, teja huyo, teja huyo. Nikaogopa, Anti. Nikatoka nikaenda kule kule."

"Na sasa hivi unaniambia ya nini? Ungenyamaza tu!"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Kwa sababu wewe umekunywa kweli. Ningekuacha ukae hapa na uongo wangu?"

Nikamsogelea tena, mabega yakagusana. Kusoma kote kule, semina zote zile, hakuna aliyewahi kunifundisha hilo.

Geti likafunguliwa. Akatoka Mkurugenzi na karatasi mkononi, Sista nyuma yake.

"Nimefikiri," Mkurugenzi akasema. "Sitaki makelele, na maabara ni mlolongo. Saini hapa wote wawili, kwamba mlikunywa dawa ya kikohozi bila kujua. Redio anaendelea na siku zake, wewe unarudi kazini. Tumemalizana."

Nimeshinda!

Siku tisa, barua, shule. Vyote vilikuwa kwenye karatasi ile. Kilichotakiwa ni mimi kuandika uongo mdogo ambao hakuna mtu angeujua.

Mtaniona mnafiki, lakini nilitaka kusaini. Kalamu ilishagusa karatasi.

Redio akasimama.

"Mama Mkurugenzi, mimi nilivuta. Dawa ya kikohozi ni ya Anti peke yake."

Dirishani kicheko kilikatika.

Mkurugenzi akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

"Si unaona? Umemtetea mwongo."

"Saa moja iliyopita nilimtetea mwongo," nikasema na mimi nikasimama. "Sasa hivi namtetea msema kweli. Na huyu simwachi."

"Amekutwa, amekiri. Unatetea nini tena?"

"Mama, hospitali gani inamtoa mgonjwa kitandani kwa sababu homa imerudi? Wanaokuja hapa wanakuja kwa sababu wanaanguka. Mtu ambaye haanguki ana shida gani na sisi?"

"Kanuni ni kanuni."

"Basi kanuni ni mbovu. Niandikie barua ya kufukuzwa, nitasaini hiyo kwa furaha."

Msinione jasiri. Nina watoto wawili na nyumba ya kupanga. Lakini kuna siku ukirudi nyuma hatua moja, hutajiheshimu tena.

Sista akakohoa. Sista si mtu wa maneno. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimbishia Mkurugenzi hata kuhusu chai.

"Mama, kwa kanuni hii tumewatoa kumi na wanne kwenye geti hili. Mimi nawahesabu. Wanane nawaosha vidonda kila Jumamosi pale stendi. Wawili nimekwenda kuwazika. Wanne sijui walipo." Akamwangalia Redio. "Huyu sitaki kumwongeza kwenye hesabu."

Kabla Mkurugenzi hajajibu, mama yake Redio akatokea, anakuja nusu mbio. Mikono ilikuwa bado na povu, alikuwa ameacha nguo za watu kwenye beseni.

"Amefanya nini tena?"

Nilitaka kujibu mimi, nilainishe kidogo. Redio akaniwahi.

"Mama, nilivuta Jumamosi. Nimewaambia mwenyewe."

Yule mama akasimama pale. Nikajiandaa kuingia katikati, maana nilijua msimamo wake.

"Umewaambia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Hawakukubana?"

"Hawakunibana."

Mama akajifuta povu kwenye kanga.

"Miaka miwili nambana huyu mtoto aniambie kweli. Nimempekua, nimemfungia, nimemchapa. Sijawahi kuipata." Akamgeukia Mkurugenzi. "Mtoto akikunyea kiganja hukikati. Kama hapa hamumtaki, nipeni mwanangu nirudi naye nyumbani."

Nyumbani. Alisema nyumbani! Redio akapiga yowe moja la kilio, akamwangukia mama yake kifuani, na mimi nikageukia ukuta nisionekane.

Mkurugenzi aliikunja ile karatasi mara mbili, tatu, nne.

"Aingie ndani," akasema. "Ila anaanza siku ya kwanza. Na wewe mshauri, onyo la maandishi."

"Nipe hata mawili, Mama."

Msidhani baada ya hapo mambo yaliteleza. Muhula ulianza bila Redio. Wenzake wa shule walipita mbele ya geti na mabegi yao, yeye yuko ndani anahesabu siku ya nane. Siku ya ishirini na tatu alinirushia kiti. Siku ya arobaini alitaka kuacha, tukakaa naye sakafuni tangu asubuhi mpaka kijana wa mwisho alipoondoka.

Tisini zilifika.

Sasa ikaja barua. Mkurugenzi, ambaye siku hizi yuko upande wetu kuliko sisi wenyewe, akanishauri nisitaje ile Jumamosi. Akasema hakuna shule itakayompokea. Alikuwa anamwonea huruma mtoto, nilielewa.

Nikaitaja. Redio mwenyewe ndiye aliyeniambia niitaje. Nikaandika: Mara ya kwanza alianguka Jumamosi, zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Alisema mwenyewe, kabla ya maabara, alipokuwa amepewa nafasi ya kudanganya na kusamehewa.

Tukaenda watatu, mimi, Redio na mama yake. Mwalimu mkuu ni mzee mmoja mkali, mwenye uso usiosema kitu. Akasoma barua. Akarudia. Mama yake Redio akanishika mkono chini ya meza.

"Barua za vituo nimeletewa nyingi," mwalimu mkuu akasema. "Zote zilikuwa za malaika. Wale malaika wote walinishinda ndani ya muhula mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniambia anazama." Akaiweka barua chini. "Hii ndiyo ya kwanza kumhusu mtoto."

Redio, ambaye njia nzima hakuwa ametamka neno, akauliza: "Na nikianguka tena, Mwalimu?"

"Utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Basi kesho saa moja asubuhi. Ukichelewa tutakosana."

Nimeandika haya kwa sababu najua watakuja watu hapa chini kusema tunadekeza mateja. Semeni. Onyo langu la maandishi nimelibandika ukutani, juu kabisa ya vyeti, na maoni yenu yatapata nafasi pembeni yake.

Ila wewe mzazi, wewe mwalimu, wewe kaka mtu mwenye hasira za karibu, shika hili moja. Siku atakapokuja mwenyewe akwambie "nimeanguka," usimwonyeshe geti. Anayefukuzwa kwa kusema kweli haponi, anajifunza tu kudanganya vizuri zaidi, na mara ijayo hutamsikia kabisa.