Ukuta wa Sebuleni, Krismasi ya 1988

Kila mwaka, Desemba inapofika katikati, wanawake wa upande wetu wa ziwa hushikwa na wazimu wa udongo. Huteremka mtoni na makarai, huchimba udongo mwekundu na ule mweupe, huuchanganya na samadi mbichi ya ng'ombe na majivu, kisha hukandika nyumba zao upya, nje na ndani, na kumalizia kwa michoro ya vidole kuzunguka milango. Nyumba isiyokandikwa kabla ya Krismasi husemwa kuwa nyumba ya msiba. Mimi niliolewa katika boma moja la huko mwezi wa Agosti 1970, na tangu Desemba ya mwaka huo nilikandika bila kunung'unika. Ninachonung'unikia ni mwaka mmoja tu, 1988, na nitaunung'unikia mpaka nizikwe.

Mume wangu alifariki Aprili 1984. Aliniachia watoto tisa, wa mwisho akiwa hajaota jino, pamoja na ng'ombe, shamba la mtama, vipande viwili vya mpunga, na mama yake. Kwa kuwa alikuwa kitinda mimba, desturi ilimtaka abaki katika boma la mama yake, na desturi hiyohiyo ilinibakiza mimi huko. Nyumba zetu zilitazamana. Hapakuwa na asubuhi niliyofungua mlango nisimkute mama mkwe ameketi kwenye kigoda chake, akiangalia ni saa ngapi nimeamka.

Shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto. Masika ya 1986 yalilichukua daraja la magogo, na watoto wakawa wanavuka kwa kushika kamba. Siku niliyomwona mwanangu wa sita akining'inia kwenye kamba hiyo, maji yakimvuta miguu na begi likiwa limekwisha kwenda ziwani, niliwarudisha wote nyumbani na kutangaza kwamba nitawafundisha mwenyewe. Majirani walicheka. Mimi nilianza kusoma nikiwa na watoto watatu. Niliingia darasa la ngumbaru Januari 1975, nikakaa kwenye benchi moja na wazee wenye mvi, na mwaka 1979 nikafanya mtihani wa darasa la saba nikiwa na mimba, nikafaulu. Aliyetaka kucheka alikuwa huru kufanya hivyo baada ya kunionyesha cheti chake.

Lakini nisijisifu kupita kiasi, kwa maana kufundisha watoto tisa shambani ni kazi ya kumpandisha mtu shinikizo la damu. Darasa lilianza baada ya kukama ng'ombe. Ukifika kwenye hesabu za sehemu, ndama anakata kamba na kuingia kwenye mtama, na darasa zima linatoka mbio kumfuata, hata wale wasiohitajika. Ukiwarudisha, mama mkwe anaita kutoka ng'ambo ya uwanja kwamba anataka mtoto wa kumletea kaa la moto. Ukimpelekea mmoja, anamshika huko kumsimulia habari za njaa ya zamani. Nilipolalamika, aliniambia kwamba hizo pia ni hesabu: kujua ni watu wangapi walikula nini.

Madaftari tuliyoweza kununua yalikuwa ya wale wakubwa watatu waliojiandaa kwa mtihani. Wengine sita waliandika ukutani. Ukuta mrefu wa sebuleni, ule usio na dirisha, niliugawa kwa mistari ya mkaa. Wadogo waliandika chini, wakubwa zaidi juu, na kila kazi niliitaka iwe na tarehe pembeni, kwa sababu kazi isiyo na tarehe inaweza kuwa ya mtu yeyote. Kufikia Novemba 1988, ukuta huo ulikuwa umejaa kutoka sakafuni hadi kwenye boriti: majedwali, insha fupi, ramani ya ziwa na ghuba zake, na mgawanyo mrefu wa binti yangu wa nne, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na ambaye hakupenda kusema alichoweza kuandika.

Binti huyo ndiye aliyekuwa akitakiwa.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, aliishi mjini, mtaa wa Manyatta, na mke wake alikuwa na kibanda cha nguo kuukuu katika soko la Kibuye. Tangu mdogo wake afe, alijihesabu kuwa baba wa watoto wangu, isipokuwa wakati wa palizi. Alikuja mwezi wa Agosti, akaketi, akanywa chai, akasema kwamba watoto wasioenda shule ni aibu kwa ukoo, kwamba hata naibu wa chifu amekwisha kuuliza, na kwamba yeye, kwa wema wake, atamchukua binti wa nne aje asome mjini. Nilimuuliza kwa nini huyo na si mmoja wa wavulana. Alisema wasichana hujifunza haraka. Nilijua kwamba mke wake alikuwa amejifungua mwezi Juni, na nilijua ni nani angembeba mtoto huyo mgongoni wakati mama yake yuko sokoni. Nilikuwa nimewaona mabinti wa namna hiyo Manyatta, walioletwa kusoma, wakiwa kwenye foleni ya maji saa za darasa.

Nilimjibu kwamba wanangu wanasoma. Alicheka.

"Basi, Mwalimu, nikija Krismasi nionyeshe. Nikiona kazi yake kwa macho yangu, nitanyamaza. Nisipoona, anapanda gari pamoja nami."

Nilikubali, na nilikubali mbele ya mama mkwe ili awe shahidi. Tangu siku hiyo binti yangu hakuandika chochote ukutani bila kukirudia mara mbili. Hakuniuliza kitu, lakini nilimwona akisimama mbele ya eneo lake jioni, akikaza upya kwa mkaa tarakimu zilizofifia.

Jumamosi ya tarehe 24 Desemba nilidamka kwenda Kibuye kununua unga wa ngano, mafuta, sukari na viatu vya wawili ambao vyao vilikuwa vimefunguka midomo. Kabla ya kuondoka nilitoa maagizo, na niliyatoa polepole kama mtu anayesomea imla. Kandikeni nje. Kandikeni vyumba vya kulala. Kandikeni jikoni. Ukuta mrefu wa sebuleni usiguswe mpaka baba yenu mkubwa aje na aondoke. Niliwafanya wayarudie. Waliyarudia. Sikumwambia mama mkwe ayarudie, kwa kuwa sikujua kwamba angekuwa fundi mkuu.

Nilirudi jua likiwa limeinama. Nyumba ilikuwa nzuri, sikatai. Nje ilikuwa nyekundu chini na nyeupe juu, na kuzunguka mlango kulikuwa na mawimbi yaliyochorwa kwa vidole vitatu. Watoto walikuwa wamejipanga uwanjani, wamejaa udongo hadi nyusi, wote wakitabasamu isipokuwa mmoja. Niliingia sebuleni. Ukuta mrefu ulikuwa mweupe, laini, wenye majimaji, hauna hata alama ya ukucha. Mwaka mzima, tangu Januari hadi Novemba, ulikuwa chini ya samadi.

Niliweka mizigo chini. Nilimkuta mama mkwe ananawa mikono kwenye karai, ameridhika kama mtu aliyemaliza kuvuna.

"Mama, ni nani amekandika ule ukuta?"

"Mimi na huyu wa nne. Ana mkono, huyu. Umeona mlango?"

"Niliwaambia usiguswe."

"Walinieleza." Alijikung'uta maji. "Nikawauliza, wageni wanakuja Krismasi kwa mjane, wakute ukuta mweusi kwa makaa kama nyumba iliyoungua? Watasema kifo kimerudi hapa. Nyar Uyoma, umesoma, lakini bado hujui nyumba inasema nini kwa watu."

Aliniita hivyo, binti wa Uyoma, kila alipotaka kunikumbusha kwamba nimetoka kwingine. Nilimweleza, kwa sauti ambayo nilijitahidi isipande, kwamba makaa yale ndiyo yaliyokuwa yamzuie mjukuu wake kwenda Manyatta. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Alikuwa shahidi wa yale maneno ya Agosti, alikunywa chai ileile, lakini kwake "kazi" ilimaanisha kitu kinachofanywa kwa mikono, na alidhani shemeji angeonyeshwa hivyo: jembe, maziwa, jiko. Haikumpitia akilini kwamba mtu mzima angesafiri kutoka mjini kuja kusoma ukuta.

Nilimtafuta binti yangu. Alikuwa nyuma ya nyumba akisugua viganja kwa mchanga. Nilimuuliza kwa nini hakukataa. Alisema, "Dani alisema." Huyo ni bibi, na neno la bibi katika boma lile lilipita langu, hata ndani ya nyumba yangu. Ningeweza kumgombeza, lakini mimi mwenyewe nilikuwa na miaka kumi na minane ndani ya boma hilo na sikuwa nimewahi kumkatalia mama mkwe jambo lolote mbele ya karai la udongo.

Jumapili, tarehe 25, tulienda kanisani. Kanisa lilikuwa limepambwa kama kila mwaka kwa karatasi za chooni za rangi ya waridi zilizosokotwa kutoka boriti hadi boriti, na wanangu waliimba vizuri, na sikusikia neno la mahubiri. Shemeji alifika wakati wa chakula kwa pikapu ya rafiki yake. Alipewa firigisi ya jogoo kama mkubwa wa ukoo, akala chapati nne, akasifu mlango. Kisha akafuta vidole.

"Haya, Mwalimu. Nionyeshe."

Nilimwonyesha ukuta. Sikuwa na kingine. Nilimweleza kilichokuwepo, safu kwa safu, pamoja na tarehe. Aliutazama weupe ule, akanitazama mimi, akawageukia wavulana wake wawili waliokuja naye.

"Mnaona? Shule ya mama yenu mdogo haina hata vumbi la chaki."

Walicheka. Hapo watoto wangu wakalipuka, wote kwa pamoja: pale palikuwa na ghuba, hapa palikuwa na jedwali la saba, si hapo, ni chini kidogo, wewe uliandika hamsini na sita mara mbili, mimi sikuandika, uliandika, Mama alikufutia kwa mate. Ilikuwa fujo, na haikumsadikisha mtu. Shemeji alimuuliza binti yangu swali la kugawanya. Binti alitazama vidole vyake vya miguu. Alilijua jibu, nilimwona akilijua. Lakini hakuwa amezoea kujibu kwa mdomo mbele ya wanaume wanaotafuna, na kimya chake kilienda mbali kuliko kelele za wenzake.

"Mwambie afunge nguo zake," shemeji akasema, bila ukali. "Naondoka kesho asubuhi. Hili si jambo la ugomvi."

Nilifungua kinywa kusema kila kitu: foleni ya maji, mtoto wa mgongoni, kibanda cha Kibuye. Mama mkwe aliniwahi. Hakuinuka kwenye kigoda chake karibu na mlango.

"Anaenda wapi huyu?"

"Mjini, Mama. Kusoma."

"Na Desemba ijayo nani atakandika nyumba yangu? Wewe? Mke wako? Mke wako alipokuja hapa, alikandika kama mtu anayepaka siagi. Huyu ndiye mwenye mkono katika boma hili. Nimemfundisha tangu jana, na sijamaliza."

"Mama, ni suala la elimu."

"Hata mimi nasema elimu. Usiniletee mambo ya pikapu."

Na likaisha. Shemeji alikuwa mtu wa kubishana na mimi, na naibu wa chifu pia, lakini hakuwa mtu wa kubishana na mama yake Krismasi, mbele ya wageni, nyumba ikiwa imekandikwa. Alicheka, akaomba chai. Alipoondoka Jumatatu alibeba jogoo hai na gunia la viazi vitamu, akasahau kuaga watoto.

Ningepaswa kushukuru. Badala yake nilikasirika kwa namna ambayo sijaimaliza. Nilikuwa nimesimama mwaka mzima mbele ya ukuta ule na mkaa mkononi, na binti yangu amebaki nyumbani kwa sababu anapaka samadi vizuri. Mama mkwe hakuona kosa lolote. Alipita mlangoni kwangu jioni ya Krismasi akaniambia kwamba nilikuwa na bahati alikuwepo.

Jioni hiyohiyo, wengine wakiwa wametoka kuzungukia nyumba za majirani kutafuta chapati za pili, binti alibaki kunisaidia kuosha sufuria. Alisugua moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mama, kwa hiyo nabaki kwa sababu ya kukandika?"

Nilitafuta jibu la mama, nikapata amri tu.

"Unabaki. Basi. Na kabla hujalala nataka unifanyie ule mgawanyo aliokuuliza baba yako mkubwa. Kwa maandishi, na tarehe."

"Ni mia moja na nne," alisema, "inabaki tisa. Lakini niuandike wapi? Ukuta haujakauka."