Biasha, Mshika Ngazi wa Diani

Miaka ya hamsini, hoteli za Diani zilikuwa bado chache na zote ziliezekwa makuti. Mafundi wa kuezeka walikuwa wengi, lakini aliyejua kushika ngazi sawasawa alikuwa mwanamke mmoja tu, Biasha binti Salimu, mzaliwa wa Bongwe. Nasema sawasawa kwa sababu kushika ovyoovyo kila mtu anaweza.

Alianza kazi hiyo akiwa bi arusi, hina haijamtoka kuchani. Mumewe, Athmani, alikuwa fundi wa kuezeka, naye Biasha alikuwa akimshonea makuti nyumbani. Msaidizi wa Athmani, mtu aitwaye Nzai, alipokwenda Mackinnon Road kutafuta kazi ya reli, Athmani alibaki peke yake na baraza ya hoteli haijaezekwa.

"Nitakushikia mimi," Biasha akamwambia.

"Wewe? Watu watasema nini?"

"Watasema umepata mtu wa kukushikia ngazi. Si ndiyo kweli?"

Baraza ile ilikuwa ya simiti mpya, iliyopigwa msasa ikateleza kama sahani iliyooshwa. Ngazi ya boriti ukiisimamisha mchangani, miguu yake inazama na kujishika yenyewe. Kwenye simiti haina pa kuzama. Athmani akamfundisha mkewe: mikono miwili kwenye boriti, mguu mmoja umekanyaga kidato cha chini, macho juu kwa fundi. Makuti yanavutwa kwa kamba, hayapandi kichwani pamoja na mtu. "Na mimi nikiwa juu, usiachie," akasema.

Maneno hayo Biasha aliyashika kuliko mwenyewe aliyeyasema.

Siku moja asubuhi Athmani alikuwa juu kabisa, amekumbatia safu ya makuti ambayo hajaifunga. Mara akatokea babake, Mzee Mbwana, na wageni wake kutoka Lunga Lunga, watu wazima wenye kanzu zao. Alikuja kuwaonyesha kazi ya mwanawe. Na kama ijulikanavyo, mkaza mwana akimwona mkwewe huinama, akaupokea mkono wake na kuubusu. Tena mbele ya wageni! Mzee Mbwana akakohoa kidogo, akanyoosha mkono.

"Shikamoo baba," Biasha akasema, kichwa ameinamisha, mikono iko palepale kwenye ngazi. "Shikamooni nyote. Karibuni."

Mkono wa mzee ulikuwa bado unaning'inia hewani.

"Marahaba," mzee akasema mwishowe. "Na mkono?"

"Baba niwie radhi, nimemshika mwanao."

Mgeni mmoja akacheka puani. Athmani huko juu akaona aibu ya babake, akapaza sauti, "Biasha! Mpe baba mkono! Mara moja tu!"

"Shuka kwanza."

"Nitashuka vipi na makuti haya? Achia, nimekwambia!"

"Siachii."

Mzee Mbwana akaurudisha mkono wake, akageuka, akaondoka na wageni wake. Athmani alipofunga makuti na kushuka, walikwisha kupotea minazini.

Baada ya magharibi wakaitwa nyumbani kwa mzee. Dada yake mkubwa, Bi Tumu, alikuwepo, na ulimi wake ulijulikana mpaka Msambweni.

"Mikono ya bi arusi wetu ni ya dhahabu," akaanza. "Haiguswi na watu kama sisi."

Mzee hakucheka. "Athmani, mrudishe mkeo Bongwe. Kwao wakamfunze adabu, akifundishika arudi. Asipofundishika, basi tena."

Athmani akainamisha kichwa. Biasha akamgeukia mkwewe.

"Baba, naomba radhi kwako na kwa wageni wako. Lakini hata sasa ningekuwa pale, nisingeachia. Kesho njoo upande ile ngazi mwenyewe, mimi nishike. Ukishuka useme nimekosa, nitafunga leso zangu mwenyewe niende Bongwe, sitangoja kupelekwa."

"Mimi nipande ngazi?" mzee akasema. "Mimi nimepanda minazi kabla mamako hajazaliwa!"

"Mnazi una mizizi, baba. Ngazi haina."

Asubuhi mzee akaja, kikoi amekikaza. Bi Tumu akaja naye, hilo hakuwa tayari kulikosa. Mzee akapanda upesi kwa kiburi cha wapanda minazi, mpaka kwenye boriti ya juu. Halafu akatazama chini. Ile simiti ilikuwa inang'aa, na ngazi ilikuwa inatetemeka kidogo kwa kila pumzi yake. Akaikumbatia boriti kwa mikono miwili.

Bi Tumu akasogea, macho yanamcheka, akanyoosha mkono. "Haya bi arusi, shangazi yako huyu. Mkono wangu huu, nangojea."

Biasha hakumtazama yeye. Alitazama juu. "Baba, nimpe shangazi mkono?"

"Usithubutu!" mzee akapiga kelele mpaka wapishi wa hoteli wakachungulia. "Tumu, ondoka hapo! Huna kazi nyumbani?"

Bi Tumu alicheka akakaa chini juu ya makuti.

Mzee akashuka polepole, uso ameuelekeza ngazini, kidato kwa kidato. Biasha hakuachia mpaka nyayo zote mbili zilipofika chini. Hapo ndipo alipoinama, akaupokea mkono wa mkwewe kwa mikono yake miwili, akaubusu. Mkono ulikuwa umelowa jasho.

Mzee akamgeukia Athmani. "Jana ile sauti ya juu iliyomwambia aachie ilikuwa ya nani?"

Athmani akakuna shingo. "Yangu, baba."

"Basi wa kupelekwa Bongwe kufunzwa ni wewe."

Na siku ileile akawafuata wageni wake kabla hawajarudi Lunga Lunga, akawaeleza mwenyewe, bila kujificha, jinsi alivyotetemeka.

Tangu hapo hakuna aliyemsema tena Biasha. Aliendelea kushika ngazi, ya mumewe na ya mafundi wengine, mpaka watoto wake wakawa wakubwa. Na Mzee Mbwana kila alipopita mahali wanapoezeka, alisimama mbali na kuita kwa sauti, "Hodi, mwanangu! Nisalimie kwa mdomo tu!"

"Shikamoo baba," Biasha akajibu, macho yake juu kwa fundi.