Unyayo wa Mama

Mvua za masika zilipochukua nusu ya shamba la mama kule Mlola, maharage, migomba na ngazi zote za udongo alizochonga marehemu baba, zilibaki hatua kumi na tano kati ya korongo jipya na ukuta wa jiko. Ndipo tukasikia kuna mradi unaojengea watu kingo za mawe za kuzuia udongo usiporomoke. Bure kabisa, ila kwa kaya zisizochafua hewa ya dunia. Nilicheka peke yangu. Mtu ambaye safari yake pekee ni kwenda Soni kuuza kabichi, angechafua hewa gani?

Wageni walikuja wanne kwa magari mawili makubwa. Mkubwa wao, mzungu aliyeshuka kwenye ndege juzi yake, alimsalimia mama, "Mambo vipi?" Msaidizi wake, binti wa Dar ambaye mama angeweza kumzaa mama yake, akasema, "Habari yako, mama." Shikamoo kaiacha mjini. Mama aliitikia kwa upole, lakini mimi ninayemjua niliona shingo yake ikinyooka. Kuanzia hapo nilijua hataomba kitu.

Kwetu mgeni haulizwi wala haulizi jambo kabla hajala. Mama alikuwa na jogoo mmoja, na huyo ndiye aliyechinjwa. Mzungu alimaliza mapaja yote mawili akasifu sana. Kisha binti akatoa simu yenye mchoro wa unyayo, unaopima kaya inachafua hewa kiasi gani. Ukiishi vizuri unabaki mdogo wa kijani, ukichafua unanenepa na kuwa mwekundu.

"Nyama mnakula mara ngapi, mama?"

"Kila siku, alhamdulillahi."

Nilikohoa. Mama hakunitazama. Sisi nyama tunaiona Idi na harusini.

"Mnapikia nini?"

"Gesi."

Mtungi wa gesi upo kweli. Uko sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, na haujawashwa tangu dada yangu aulete.

"Na safari?"

"Dar, kila mwezi. Nina watoto kule."

Unyayo ulivimba kama mguu uliong'atwa na nyuki. Ningeweza kusema ukweli. Lakini kumuumbua mama yako mbele ya wageni, useme anaokota kuni na kushindia mboga za majani, hilo kwetu halifanyiki. Nikajichukia kwa adabu zangu. Hasira nikaihamishia kwa mzungu: nikamuuliza wa kwake ukoje.

Alicheka. Wa kwake, alisema, umeshafutwa. Kila akipanda ndege hulipia miti ipandwe. Nilipouliza inapandwa wapi, akanyoosha kidole kwenye kilima cha pili. Mashimo ya miti ile aliyachimba mama na wanawake wenzake, siku tatu, wakapewa soda moja moja.

Barua ilifika, lakini mvua za vuli zilikuwa zimeitangulia. Jiko lilikuwa limeshaporomokea bondeni. Nilimsomea mama akiwa amepanga mafiga yake sebuleni, pembeni ya mtungi wa gesi na kitambaa chake. Kaya yake haikuchaguliwa, na anashauriwa apunguze kula nyama.

Alichochea kuni, akafikiri. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Yale mapaja mawili, mwanangu, wameyaandika kwenye unyayo wa nani?"