Ukuta wa Kioo

Lionel Thornber alimsingizia Hepzibah Clegg usaliti. Jumapili, mlangoni pa kanisa la Brackenshaw, watu wamejaa, alisema kwamba majina ya wanawake watano waliokuwa wakipanga mgomo ameyapata kwa Hepzibah. Kesho yake wote watano wakafukuzwa kazi.

Hepzibah alikuwa mfumaji wa pamba katika kiwanda cha baba yake Lionel, mitambo minne mikononi mwake. Mwaka mzima kijana huyo alimsindikiza kando ya mfereji, akimwapia kwamba atamuoa, baba apende asipende. Naye alimwamini.

Jumanne alipoingia kazini, wenzake walimpa mgongo.

"Bibi tajiri huyo kaja!" alisema Dorcas, rafiki yake tangu utotoni. "Harusini utatualika, bibie, au tutakuja kuosha vyombo?"

"Dorcas, sikusema neno, naapa!"

"Kamwapie mchumba wako."

Mitambo ikawashwa, ikameza kila sauti. Humo ndani wafumaji huzungumza kwa midomo tu, na husomana toka mwisho wa ukumbi hadi mwisho. Matajiri hawakuwahi kujisumbua kujifunza hilo.

Ndipo Lionel na baba yake wakapanda ofisini, juu ya ngazi, wakafunga mlango ili wasisikike. Ukuta wa ofisi ulikuwa wa kioo.

"Msichana wako kakuambia na mengine?" mdomo wa mzee uliuliza.

Lionel alicheka. "Yule? Hajaniambia chochote. Karani ndiye aliyeninong'oneza. Nimemtaja yeye ili wararuane wenyewe, mgomo ufe."

Hepzibah aliyasoma yote midomoni mwao. Aligeuka. Dorcas alikuwa ameganda, macho kwenye kioo. Mitambo yake ikazimwa. Ya jirani ikazimwa. Safu kwa safu ukumbi ukanyamaza, hata Lionel akasogea kuona kulikoni, akakuta wanawake mia mbili wanamtazama mdomoni.

"Shoga, nisamehe!" Dorcas alipaza sauti. "Tokeni! Tokeni nje wote!"

Wakatoka wakiimba, Hepzibah juu juu mabegani, shali zikipepea. Wiki tatu baadaye wale watano walirudi kazini.

Lakini watu wa viwanda vingine hawakukiona kioo kile. Mpaka leo, miaka ishirini na miwili, wapo wanaovuka barabara wakimwona Hepzibah. Lionel ana kiti cha mbele kanisani. Anadaiwa neno moja: asimame mlangoni palepale, aseme kwa sauti, "Nilidanganya." Kila Jumapili Hepzibah hukaa pale anapoweza kumwona midomo.