Masundosundo na Birika la Mama Erasto

Kwa miaka zaidi ya ishirini, hapa Lulindi hapakuliwa wali wa harusi wala ugali wa msiba kabla Agatha hajapita na birika na beseni. Wengi tulimwita Mama Erasto, mjane wa katekista Basil, mwenye mikorosho nyuma ya kanisa na mdomo usiopumzika. Hakuna aliyemchagua kunawisha watu. Alianza siku moja na hakuacha. Alipita mkekani mtu mmoja mmoja, akitania, akiulizia wagonjwa, na mwenye kucha chafu alimwagiwa maji mara mbili na kusemwa pia.

Alipofika miaka sitini na tano hivi, uso ukaanza kuota vitu. Vilianza kama vidoa mashavuni, vikanenepa vikawa vinundu vyeusi vya kukwaruza, mithili ya matone ya nta yaliyogandia pale. Shingoni vikaning'inia vinyama vidogo. Havikumuuma, ila labda pale mkufu wa msalaba ulipovikwaruza. Aliviita masundosundo, akaendelea na mambo yake.

Aliyevigeuza kuwa habari ni Sabina, wifi yake, dada wa marehemu Basil. Sabina hakuwahi kumsamehe Agatha kwa kubaki na ile mikorosho. Basi siku ya arobaini ya mzee Silvano, Agatha alipofika mbele yake na birika, Sabina aliirudisha mikono kwapani.

"Mimi sinawi maji ya huyu," alisema, na sauti ikafika mpaka jikoni. "Uso wake hamuuoni? Yale yanaambukiza. Tutaota wote."

Hakuna aliyefungua mdomo kumtetea. Mwanamke mmoja alimpokonya birika kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko matusi. Chakula chake kililetwa kwenye sahani ya peke yake. Alikula nyuma ya jiko, amewapa watu mgongo, na kwa kila tonge aliapa kwamba Sabina atakiona.

Ikawa hivyo miezi minne, shughuli baada ya shughuli. Agatha akipalilia, anamuwaza Sabina. Akifua, Sabina. Alikwenda kuungama mara moja, akalitaja jina hilo mpaka padri akakohoa. Hakutaka kumsamehe mtu, na mimi simlaumu. Alitaka birika lake, na alitaka Sabina aionje sahani ile.

Lakini kwanza uso usafike. Hapo akafanya kosa la watu wa mikoroshoni. Kila anayebangua korosho anajua mafuta meusi ya ganda yanavyobabua; ndiyo maana wanawake hupaka majivu mikononi kabla ya kuanza. Agatha akajiambia: kama yanababua ngozi nzima, yatashindwaje na kinundu? Akachovya kijiti, akagusa kimoja cha shavuni. Asubuhi shavu limevimba, jicho limefumba, lengelenge limepasuka, na kinundu bado kipo.

Erasto alimpakia mama yake kwenye pikipiki, wakapanda mlima hadi Newala, ambako wiki ile alikuwepo daktari wa ngozi aitwaye Zuhra.

"Shikamoo mama. Nani amekuchoma hivi?"

"Marahaba. Nimejichoma mwenyewe, kwa korosho."

Daktari alishusha pumzi. "Mama, hivi ni vya umri, kama mvi. Haviletwi na uchafu, wala havimwambukizi mtu, na hivi vyako nimevitazama, si saratani. Ungeweza kuviacha tu. Ila ukiona kimoja kinakua haraka, kinabadilika rangi au kinatoa damu, usikiguse, njoo tukipime."

Kidonda kilipopona, daktari alipokuja tena Newala, akarudi kwake. Alichomwa sindano ya ganzi, vinundu vikaunguzwa kwa umeme na kukwanguliwa, vinyama vya shingoni vikakatwa kwa mkasi. Pale alipojichoma mwenyewe pakabaki baka. Watu walipouona uso umetakata, walimrudishia birika bila maneno. Naye hakumweleza mtu kwamba masundosundo hayaambukizi. Neno hilo alilihifadhi.

Siku chache baadaye, mchana, Sabina akabisha hodi, chupa ya soda yenye mafuta meusi ya korosho ameifunika kwa kanga.

"Wifi, wanasema ulipona kwa mafuta ya korosho."

Sabina akavua blauzi, akageuka. Mgongo wote ulikuwa umejaa vinundu vile vile.

"Mkono wangu haufiki. Nichomee wewe. Na usimwambie mtu, nakuomba."

Agatha alichovya kijiti. Tusidanganyane, alitamani. Aliona mgongo ule ukibabuka wote na Sabina akilala kifudifudi wiki nzima. Kisha akajiuliza, humu ndani nani ataona? Akaenda kumwaga mafuta nyuma ya choo. Akarudi, akamweleza yote aliyoambiwa na daktari, akamwelekeza na siku za kliniki.

"Kumbe hayaambukizi?" Sabina akauliza, machozi yakimtoka.

"Hayaambukizi, wifi."

Kuhusu kutomwambia mtu, hakumjibu.

Jumapili ilikuwa kipaimara cha mjukuu wa Mama Ethel. Wanawake wamekaa mkekani, sinia zimefika. Agatha akapita na birika. Sabina akanyoosha mikono yote miwili, mapema kabla hajafikiwa. Agatha akammwagia maji taratibu, akauliza kwa sauti ya kufika jikoni:

"Wifi, na yale masundosundo yako ya mgongoni? Bado yamejaa vile vile?"

Waliokaa karibu na Sabina wakajisogeza. Mmoja akavuta sinia upande wake.

"Mama Erasto," Sabina akasema, mikono ikichuruzika maji, "waambie. Waambie alichosema daktari."

Sentensi moja ingetosha, na Agatha alikuwa nayo mdomoni. Akakung'uta birika, akasogea kwa aliyefuata.

"Karibu unawe, Mama Ethel."

Sahani ya peke yake ikaletwa. Sabina akainuka nayo, akaenda nyuma ya jiko. Agatha alimtazama mpaka akapotea nyuma ya ukuta. Angewaambia, hakukusudia kukaa na neno lile mpaka kaburini. Angewaambia baada ya miezi minne.