Biskuti za Jenerali Mbele ya Wakwe

Leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo lolote hapa La Rochelle, mtaa wetu wa Johannesburg, ningejifukia mwenyewe. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, nikaacha shule niwalee wadogo zangu, kwa hiyo mdogo wangu Nadege alipopata mchumba, wazazi wa kijana wakasema wanakuja kuiona familia yetu, na familia yenyewe ndiyo mimi.

Shida ilikuwa mbwa wetu, Jenerali (jina kubwa, moyo wa kifaranga), ambaye radi ikipiga analia kama mtu na kuparua milango, na Jumapili ile mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mapema. Bosi wangu, kule ninakoosha mbwa wa matajiri, alikuwa amenipa pakiti ya biskuti zenye CBD, kitu kinachotoka kwenye mmea wa bangi ila hakileweshi, kinamtuliza tu mbwa mwenye hofu. Nikazimimina kwenye sahani iliyokuwa karibu ili niwe nazo tayari, nikaiacha jikoni, nikaenda kumfungia Jenerali uani. (Sahani yenyewe ilikuwa ile yenye maua, ya wageni. Hapo ndipo nilipojiponza.)

Narudi sebuleni, wageni wameshaketi, na Nadege, ambaye kwa woga wake angeweza kuandaa hata sabuni, ameshaweka chai na zile biskuti mbele ya Mchungaji, baba wa kijana, na mkewe. Hakuna aliyegusa. Kwetu Burundi mwenye nyumba huonja kwanza ili moyo wa mgeni utulie, na mwenye nyumba ni mimi, wote wananitazama. Nikawaza, nikisema hizi ni za mbwa, mtoto niliyemlea atabaki na aibu hii maisha yake yote. Nikachukua moja nikatafuna. Ilikuwa na ladha ya maini na vumbi la mbao. Nilikusudia kusema zimeharibika niiondoe sahani, lakini kabla sijameza, Mchungaji alikuwa anatafuna ya pili.

Akazisifu. Alisema hazina sukari, daktari wake angefurahi, akauliza zinauzwa wapi, na Nadege kwa furaha akakimbilia jikoni akaleta pakiti, nami namkonyeza mpaka jicho linauma. Juu ya pakiti kuna mbwa amefumba macho, na chini yake lile jani ambalo Johannesburg nzima hakuna asiyelijua.

Mchungaji akavaa miwani, akasoma taratibu, akaivua.

"Binti yangu, nataka kujua nitubu lipi. Nimekula chakula cha mbwa, au nimekula bangi?"

"Vyote viwili, Baba," nikasema, maana uongo ulikuwa umeniishia.

Nikaeleza yote, kuanzia radi mpaka sahani, nikamwomba asimhukumu Nadege kwa kosa langu. Mama Mchungaji akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakitetemeka, nikajua tumemliza, kumbe anacheka mpaka pumzi inamwishia.

"Na wewe ulijua," akaniuliza, "ukaila?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi mtoto huyu ana mzazi," akamwambia mumewe.

Mchungaji akaisogeza sahani mbali kidogo. "Tutarudi kumposa," akasema, "ila chai tutakuja nayo."

Wakarudi kweli, na chupa yao ya chai. Mimi nimeapa: cha mbwa hakipandi tena kwenye sahani ya mtu, na kabla ya kuonja chochote mbele ya wageni, kwanza nanusa.