Shusha Tochi

Yule mtu aliniitikia "Marahaba" ndipo akanipiga. Nalikumbuka neno hilo kuliko kipigo chenyewe. Ilikuwa alfajiri, natoka nyumbani Chome kuwahi gari linaloshuka Same, kichwani nina mzigo wa tangawizi wa kupeleka sokoni. Kwenye mikaratusi nikasikia hatua zinakuja. Nikashusha tochi mpaka miguuni pake, nikamwamkia. Ndivyo nilivyolelewa. Baba alitufundisha tangu wadogo kwamba mtu hamulikwi usoni. "Mtu si sungura," alikuwa akisema. Ukikutana na mtu gizani unamulika chini, unasalimia, mnapishana. Basi nikamulika chini, nikaona gambuti nyeusi, nikaona zimesimama.

Aliondoka na simu yangu, akaliacha jino langu moja kwenye majani. Kituoni Same askari aliniuliza sura yake. Nikasema gambuti. Rangi? Nyeusi. Akaandika. Kule kwetu, mvua zikianza, hata mwinjilisti anavaa gambuti nyeusi.

Sikulia. Watu walikuja kunipa pole, nikawachemshia chai kana kwamba yaliyotokea yalimtokea jirani. Wiki mbili sikushuka sokoni. Tangawizi ikasinyaa sakafuni, na mama wa sokoni aliyekuwa akinunua kwangu akaanza kutafuta mtu mwingine. Ilikuwa ama niipite njia ile tena, ama biashara yangu ife nami nikiitazama. Siku moja nikapata lifti ya mchana, nikashuka kununua tochi ya kujilinda.

Muuza tochi alikuwa mtu wa makamo kutoka Sumbawanga, aliyewahi kulinda mashamba ya mkonge kabla ya kufungua kibanda karibu na stendi. Nilimweleza haja yangu kwa sauti ile ile ambayo ningeombea chumvi, nikanyoosha mkono kwenye tochi ndefu ya chuma.

"Hiyo ya nini, dada? Umpige nayo? Akikunyang'anya, imekuwa yake."

Akaniwekea kiganjani tochi fupi, swichi yake iko nyuma, pale kidole gumba kinapofika chenyewe. Akaniuliza kama kwetu umeme upo. Nikamwambia upo siku unapojisikia. Basi ya kuchaji iache, akasema, chukua ya betri za kawaida, zinazopatikana hata duka la huko juu. Na nikibadilisha nibadilishe zote kwa pamoja, nisichanganye mpya na kuukuu, maana iliyochoka humchosha mwenzake.

"Na usianike juani," akaongeza.

Nyumbani betri zikiisha tunazianika juu ya bati, zinafufuka kidogo. Siku ile tochi yangu ilikuwa na betri za kuanikwa. Mwanga wake ulikuwa wa njano, unafika kwenye miguu ya mtu na kuishia hapo. Hata ningeuinua, nisingemwona sura.

Akateremsha turubai la kibanda nusu ili tupate giza. "Haya, nimulike mimi. Machoni."

Nikabonyeza. Mwanga ukatua kwenye kandambili zake.

"Kandambili hazijakukosea kitu. Juu!"

Mara ya pili, kandambili tena. Mara ya tatu ukafika kwenye mkanda. Akacheka, kisha akaliona pengo langu, akaacha kucheka.

"Dada," akasema taratibu, "ukimpiga machoni, hakuoni. Hapo ndipo unapopata muda wa kukimbia. Heshima utampa kesho."

Nyumbani nilifanya mazoezi kwa mbuzi. Mbuzi hawaamkiwi, kwa hiyo ilikuwa rahisi.

Jumatatu nikatoka na mzigo wangu. Sikuhisi hofu, wala sikuvihisi vidole. Kwenye mikaratusi, hatua. Nikainua tochi, nikabonyeza, ikampata mtu sawasawa usoni. Mzee mwenye kofia ya sufu, mkono juu ya macho, fimbo yake imeanguka.

"Shusha tochi, mwanangu. Ni mimi."

Alikuwa baba. Alitangulia kunisubiri pale bila kuniambia ili anisindikize. Tangu nipigwe hakuwa amesema neno lolote juu ya jambo lile, na nadhani kuja kwake ndiyo ilikuwa namna yake ya kulisema. Sauti naijua tangu kuzaliwa. Uso nauona, macho yanamtoka machozi kwa ukali wa mwanga. Lakini mkono wangu ulikataa kushuka. Nikatazama miguuni pake, na kwenye ukingo wa mwanga nikaona gambuti nyeusi.

"Shikamoo, baba," nikasema, tochi ikiwa bado machoni pake.

Akaitikia, "Marahaba."

Nikarudi nyuma hatua mbili. Hakuweza kuniona, ila aliyasikia majani yakivunjika chini ya miguu yangu. Akainama, akaipapasa fimbo yake mpaka akaipata, akageuka na kutangulia. Nilimmulika mgongoni njia nzima, mpaka kwenye gari.